Nyuzi Nne za Syokau

Syokau hakuwa mtu wa kukaa. Kila mtu katika ghala la mahindi alilijua hilo, na lilimletea taabu, maana kazi yake ilikuwa ya kukaa. Alikuwa mshonaji wa magunia. Kutwa nzima alitakiwa aketi juu ya magunia matupu karibu na mlango mkubwa, miguu ameinyoosha, mkononi ana shazia, ile sindano nene iliyopinda nchani, azibe matundu ya panya na kufunga midomo ya magunia yaliyojazwa. Wenzake wawili waliifanya kazi hiyo huku wakipiga soga na kucheka. Yeye akishashona manane au tisa alisimama, akajikung'uta vumbi, akaingia ndani kutazama.

"Mama Idah, unaenda wapi tena?" Nzioka alimwuliza kila mara. Nzioka alikuwa nyapara, Mkamba mwenzake, mtu wa sauti kubwa na roho ndogo.

"Naenda kuangalia kama kuna mengine yaliyopasuka."

"Yakipasuka yataletwa. Wewe umeajiriwa matako, hukuajiriwa miguu."

Watu wakacheka. Syokau akarudi kukaa, lakini haikupita saa akawa amesimama tena.

Alifika Thika mwaka 1952, baada ya mvua kukosekana kwao Matungulu misimu miwili mfululizo. Mumewe alikuwa fundi wa reli huko Voi na alikuja nyumbani mara tatu kwa mwaka. Binti yao Idah alibaki na nyanya yake ili asiache shule. Syokau alipanga chumba Majengo, na kila asubuhi alitembea hadi Eneo la Viwanda, kupita harufu ya magome ya miti ya miwati na ya ngozi mbichi, mpaka kwenye ghala la mabati lililoegemea reli. Mahindi yalifika kwa behewa kutoka pande za Makuyu na Mitubiri, na kwa malori kutoka kwa wakulima. Yalitoka kwa malori kwenda kwenye mashamba ya kahawa na ya katani, yakawe posho ya vibarua.

Msimamizi wa ghala alikuwa Mhindi mmoja jina lake Ratilal, mzee mwembamba aliyekuwa na kikohozi na asiyependa kuingia ndani kwa sababu ya vumbi. Aliyelijua ghala lile kweli alikuwa karani, Muigai, kijana wa Gitothua kule Ruiru, aliyekuja kila siku kwa baiskeli, suruali ameibana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Muigai alikuwa na kitabu kikubwa cha jalada jeusi, na ndani yake aliandika kilichoingia na kilichotoka. Lakini kitabu hakikusema kitu kiko wapi. Hilo lilikuwa kichwani mwake. Mtu akiuliza mahindi meupe ya Makuyu yaliyoletwa kabla ya Pasaka, Muigai hakuinua hata macho: "Nguzo ya tatu, upande wa kushoto, safu ya pili kutoka ukutani, chini ya yale ya njano." Wapagazi walikwenda, na magunia yalikuwa pale pale.

Siku moja Syokau alimfuata mezani. Alikuwa ameingia mpaka nyuma kabisa, akanusa.

"Karani, yale ya ukutani yanakufa."

"Nayajua, mama," Muigai alijibu kwa upole. "Wiki ijayo nitayatoa mbele. Kila gunia humu nalijua kama vile wewe unavyomjua Idah."

Na wiki iliyofuata aliyatoa kweli. Hata hivyo Syokau hakutulia. Alipokuwa akishona alitazama namna wapagazi walivyopanga: mahindi mapya yaliingia kwa mlango mkubwa, yakawekwa mbele ya yale ya zamani. Lori likija, yaliyopakiwa ni yale ya mbele, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na mgongo wa mpagazi. Yale ya nyuma yalisubiri huruma ya Muigai. Je, Muigai akiugua? Swali hilo lilimkera kama punje iliyonasa kati ya meno.

Muigai hakuugua. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei 1954 hakuja tu.

Imajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, ilikuwa imepamba moto. Wanajeshi walikuwa wakifunga njia, wakikusanya wanaume wa Kikuyu, wakiwachuja mmoja mmoja. Saa tatu mpagazi mmoja alileta habari: Muigai amechukuliwa barabarani Ruiru na baiskeli yake imebaki mtaroni. Kabla ya jua kuwa la utosi, askari waliingia ghalani wakachukua wapagazi saba wengine, wote Wakikuyu. Waliobaki walikuwa Wakamba na Wajaluo wachache. Wote walisimama mlangoni wakilitazama lori likiondoka.

Ratilal akafungua kitabu cheusi. Kitabu kilisema kuna magunia elfu mbili na mia moja arobaini. Akainua kichwa akauliza, "Lakini iko wapi? Ya Makuyu iko wapi? Ya zamani iko wapi?"

Aliyejua alikuwa amekaa kwenye lori la jeshi, mikono juu ya kichwa.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa ya vurugu tupu. Ratilal alimwajiri karani mpya, Musau, kijana aliyesoma Machakos, mwenye mwandiko mzuri na miwani. Musau aliandika kila kitu kwa uangalifu, lakini naye hakujua lililoko nyuma ya nguzo ya tatu. Mahindi mapya yalipangwa popote palipokuwa na nafasi. Njia ndogo aliyokuwa akiiacha Muigai kati ya safu ikazibwa. Nzioka alipiga kelele, wapagazi wakabeba lolote lililowatokea, na Syokau akashona midomo ya magunia bila kuuliza, kwa sababu siku hizo aliyeuliza maswali alitazamwa kwa jicho baya.

Mwezi wa Julai mdogo wake, Ndunge, alifika kutoka Ruiru. Ndunge alikuwa kibarua katika shamba moja la kahawa na alikuwa na mtoto wa miaka miwili, Kamene. Alimkuta Syokau langoni saa ya chakula. Hakumsalimia. Alifungua kitambaa akamwonyesha konzi ya unga wa kijivu, wenye madonge, unaonuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye maji.

"Onja," alisema.

Syokau alionja kwa ncha ya ulimi, akatema. Ulikuwa mchungu.

"Tumepewa huo wiki mbili. Watu wanatapika. Wengine wamekataa kwenda kuchuma kahawa, nyapara wa shamba anawapiga. Kamene yuko hospitali siku ya tano. Hashiki hata maji."

"Mahindi hayo yametoka wapi?"

Ndunge alichomoa kipande cha gunia alichokuwa amekikata, mdomo wa gunia wenye mshono bado. Syokau hakuhitaji kuuliza tena. Wenzake walishona kwa kwenda mbele tu. Yeye peke yake ndiye aliyerudisha sindano nyuma kila baada ya hatua tatu, kama mama yake alivyomfundisha kumalizia ukingo wa kiondo. Ulikuwa mkono wake.

"Ni wewe uliyelifunga," Ndunge alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza Syokau zaidi.

Waliondoka pamoja mchana ule ule bila ruhusa. Hospitalini walimkuta Kamene amelala, macho yamezama, mikono kama vijiti vya kibiriti. Syokau alikaa naye siku mbili, na siku hizo mbili, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, hakusimama ovyo. Mtoto hakufa. Alianza kunywa uji siku ya nane, akatoka baada ya wiki tatu, ingawa alichelewa kutembea tena na kwa muda mrefu alilia kila alipoonyeshwa ugali.

Syokau aliporudi kazini Nzioka alimkata siku zake, akamtukana mbele za watu. Hakumsikia. Alikaa chini, akashika shazia, akawa anakitazama kile kipande cha gunia. Kama Ndunge ameweza kumjua aliyeshona kwa kuutazama mshono, kwa nini mshono usiseme na jambo jingine? Kwa nini usiseme gunia limeingia lini?

Jumamosi iliyofuata alikwenda Matungulu. Mama yake alishangaa kumwona akichemsha magome na mizizi kwenye sufuria, akizamisha mafundo ya uzi wa katani kana kwamba anataka kusuka vyondo vya harusi. Alipata nyekundu, nyeusi ya matope na njano. Nyeupe haikuhitaji rangi. Jumatatu alianza.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Mwaka una miezi kumi na miwili, na yeye alikuwa na rangi nne. Januari mpaka Machi nyekundu, Aprili mpaka Juni nyeusi, Julai mpaka Septemba njano, Oktoba mpaka Desemba nyeupe. Mwezi wa kwanza wa kila rangi ulipata fundo moja, wa pili mafundo mawili, wa tatu matatu. Kila gunia lililoingia lilipewa kishungi kifupi cha uzi wa rangi yake kwenye pembe ya mdomo, upande ambao mpagazi huushika anapolipandisha begani. Hakuhitaji kusoma. Hata gizani chini ya rundo, kidole kiliweza kuhesabu mafundo.

Wapagazi walimcheka. "Mama Idah sasa anayavalisha magunia hereni." Baadaye mmoja, kisha mwingine, walianza kumuuliza: tuchukue lipi? Naye akasimama, hapo sasa akiwa na sababu ya kusimama, akawaonyesha. "Leo njano fundo mbili. Zikiisha, njano fundo tatu." Shida ilikuwa moja: mara nyingi yale ya njano yalikuwa nyuma ya ukuta wa magunia mapya, na hakuna aliyetaka kuhamisha magunia mia mbili ili kufikia ishirini. Alimwendea Nzioka.

"Tukipanga namna nyingine, tukiacha njia..."

"Stoo hii haina bwana anayeitwa Syokau," Nzioka alimkatiza.

Alimwendea Musau. Musau alisikiliza, akasafisha miwani. "Mama, kila gunia lina namba ambayo mkulima ameipaka rangi ubavuni, na namba iko kitabuni pamoja na tarehe. Uzi wa nini?"

"Wapagazi hawasomi, mwanangu."

"Basi wanitafute mimi nisome."

"Na wewe ukichukuliwa?"

Musau aliivaa tena miwani. Hakuna aliyependa kuzungumza maneno kama hayo kwa sauti mwaka ule.

Mwaka 1955 ukaingia, na nyekundu nayo ikaingia. Mwezi wa Mei lori la ghala lilisimamishwa kwenye kizuizi karibu na Witeithie. Askari mmoja wa homugadi, kikosi cha wenyeji waliosaidia serikali, alipanda juu kukagua. Akaona kishungi chekundu. Akaona kingine. Akahesabu mafundo: hili moja, hili moja, lile matatu. Akaruka chini akapiga filimbi. Gunia la mahindi lenye alama nyekundu, siku ambazo serikali ilikuwa ikitafuta kwa udi na uvumba watu wanaowapelekea chakula wapiganaji wa msituni, lilikuwa kesi tayari.

Walikuja kumchukua Syokau saa nane mchana. Nzioka ndiye aliyemwonyesha kwa kidole.

Alikaa kituo cha polisi siku mbili, juu ya saruji, pamoja na wanawake wanane. Kukaa kulimtesa kuliko njaa. Alizunguka kile chumba kama mbuzi aliyefungwa kamba mpaka mwanamke mmoja, Mkikuyu wa makamo aliyeitwa Warigia, akamshika sketi.

"Keti, dada. Unatutia kizunguzungu."

"Siwezi. Nikikaa nawaza."

"Sisi sote tunawaza. Keti tuwaze pamoja."

Alikaa. Baada ya dakika chache alisimama tena, na Warigia akaguna tu.

Siku ya tatu aliitwa mbele ya inspekta, Mzungu kijana mwenye pua iliyoungua jua. Mezani palikuwa na vishungi sita.

"Hii nyekundu ni alama ya nani?"

"Ni ya Januari, bwana. Na ile ya mafundo matatu ni ya Machi."

"Mimi hapana uliza mwezi. Nauliza nani napokea chakula."

Syokau alieleza. Alieleza tena. Inspekta aliwasha sigara na kuangalia dirishani. Ndipo Syokau aliposema neno ambalo baadaye hakuamini kwamba lilitoka kinywani mwake: "Bwana, nipeleke stoo. Chagua gunia lolote. Mimi sijui kusoma. Nikishindwa kusema mwezi wake, nirudishe huku."

Huenda inspekta alitaka kupunga upepo. Walikwenda.

Ghala zima lilisimama. Ratilal alitoka akikohoa, kitambaa mdomoni. Musau alileta kitabu cheusi. Inspekta alipita kati ya magunia akapiga moja kwa fimbo yake.

Syokau aligusa kishungi. "Nyeupe, matatu. Desemba."

Musau alisoma namba ubavuni, akafunua kitabu. "Desemba tarehe tisa, bwana."

La pili. "Nyeusi, moja. Aprili."

"Aprili," Musau alisema.

La tatu lilikuwa juu, na mpagazi alilishusha. Syokau alipapasa, akapapasa tena.

"Januari."

Musau aliinama juu ya kitabu. "Namba arobaini na saba," alisema kwa sauti ya chini. "Kitabu kinasema Machi."

Nzioka alicheka kidogo. Inspekta alimgeukia Syokau, uso haukuonyesha kitu. Vidole vya Syokau bado vilikuwa juu ya lile fundo moja, na vidole havikuwa na shaka.

"Fungua," alisema. "Kama ni ya Machi, yatakuwa mazima."

Alilikata mwenyewe. Mahindi yalimwagika, na pamoja nayo unga mwepesi na fukusi weusi waliokimbia kila upande juu ya sakafu. Ratilal alirudi nyuma. Musau alivua miwani, akaivaa, akaanza kufunua kurasa kurudi nyuma haraka haraka, midomo ikisoma. Akasimama.

"Kuna arobaini na saba nyingine," alisema. "Ya Mitubiri ndiyo ya Machi. Hii ni ya Makuyu. Januari tarehe ishirini na moja." Akamtazama Syokau. "Wakulima wawili wametumia namba moja. Mimi ningeliacha hili likae miezi miwili zaidi."

Inspekta hakumsifu. Alionekana kama mtu aliyepotezewa wakati. Alimwambia Ratilal aandike barua inayoeleza maana ya kila rangi, nakala moja ibandikwe ukutani na nyingine ipelekwe kituoni. Kisha, akiwa amekwisha kugeuka, akaongeza, "Na hiyo nyekundu, ondoa. Mimi hapana taka kuona nyekundu kwa barabara."

Syokau akaachiliwa kwa namna hiyo. Nyekundu ikawa buluu, uzi wa dukani ulionunuliwa kwa fundi cherehani wa Majengo, na magunia mia tatu na kumi ya vishungi vyekundu yalibidi yafumuliwe na kushonwa upya. Alifanya hivyo kwa siku nne, vidole vikitoka damu. Siku ya pili wale wenzake wawili wa soga walivuta magunia yao wakakaa kando yake bila kuombwa.

Ratilal alikuja kusimama juu yao. Kabla ya siku ile ya inspekta hakuwa ameingia ndani kwa miaka miwili.

"Mama. Lile gunia la fukusi. Mengine kama hiyo iko ngapi?"

"Sijui, bwana. Yako nyuma. Hakuna njia ya kufika."

"Wewe nataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo katika ghala lile. Alisimama. "Ule mlango wa nyuma, unaotazama reli. Ufunguliwe."

Mlango ule ulikuwa umekula kutu tangu vita vya Hitla. Syokau alitaka mahindi yaingie kwa nyuma, kutoka behewani moja kwa moja, na yatoke kwa mbele, kwenye malori. Kila safu isukumwe mbele kidogo kidogo, ili la zamani liwe karibu na lori siku zote na jipya liwe mbali. Baina ya safu na safu iachwe njia ya mtu mmoja na mzigo wake, na hatua moja ukutani, ili paka apite na panya akose pa kujificha.

"Itakula nafasi," Nzioka alisema. "Tutapoteza magunia mia mbili ya nafasi."

"Sasa tunapoteza mahindi," Ratilal alimjibu, akikohoa.

Iliwachukua wiki tatu kulihamisha ghala zima. Kwenye ukuta wa nyuma walikuta magunia themanini na sita yaliyoshikana kwa ukungu, yamekuwa kama mawe. Waliyachoma uwanjani, na moshi wake ulikuwa mzito na mtamu kwa namna ya kuchukiza. Syokau aliutazama mpaka mwisho. Baada ya hapo Ratilal alimwongezea mshahara kidogo, akamwita "mama wa stoo," na Nzioka akaacha kumwuliza anaenda wapi.

Lakini hakutulia. Alipotembelea Ruiru, Ndunge alimkaribisha vizuri, Kamene alikimbia sasa, na bado Syokau aliangalia kwanza debe la unga kabla ya kukaa.

Muigai alirudi mwezi wa Agosti 1957. Hakuna aliyemtambua alipoingia langoni. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, na mfukoni alikuwa na karatasi ya kumruhusu kufika Thika na kurudi Gitothua kabla ya jua kuchwa. Aliomba kazi. Ratilal alisema hawezi kumrudishia ukarani, serikali haitakubali kwa sasa, lakini kazi ya kubeba ipo. Muigai alikubali kwa kichwa.

Syokau alimwona akiingia ndani taratibu, akienda kushoto, akahesabu nguzo. Moja, mbili, tatu. Pale alisimama. Mbele yake palikuwa na njia tupu, na mwanga wa mlango wa nyuma uliingia mpaka miguuni pake.

Alimsogelea. "Karani."

"Mimi si karani, mama."

"Pole."

"Huko tulikuwa tunavunja mawe," alisema bila kumtazama. "Wengine waliimba zaburi, wengine walizungumza peke yao. Mimi nilikuwa natembea humu ndani. Kila siku. Nguzo ya kwanza, ya Mitubiri. Nguzo ya pili, yale ya njano. Nilikuwa nikiyageuza yale ya nyuma yasiharibike. Miaka mitatu nimeyageuza." Akamgeukia. "Yako wapi?"

Syokau hakujua afanye nini na mikono yake. Alitaka kumwambia kuhusu Kamene, kuhusu unga wa kijivu, kwamba yote hayo yalitokea kwa kuwa ghala lilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja na kichwa hicho kikachukuliwa. Alitaka pia kumwomba msamaha, ingawa hakumkosea. Mwishowe alimshika mkono akauweka juu ya kishungi.

"Hii ni njano, mafundo mawili. Agosti. Ndio mwezi huu."

Muigai aliyapapasa yale mafundo. Hakusema ni vizuri wala vibaya. Siku ile alibeba magunia arobaini kama wengine. Hata wiki haikuisha, akawa anazisoma nyuzi bila kutazama, na mwezi wa pili alimwonyesha Musau namna ya kuandika rangi na mafundo pembeni ya kila mstari wa kitabu, pamoja na jina la mkulima, ili namba mbili zisigongane tena. Musau alimpa kiti chake kwa saa nzima, akasimama nyuma yake kama mwanafunzi. Ratilal aliwaona, akajifanya hakuona.

Mwishoni mwa Machi 1958 wakahesabu ghala lote, Jumamosi, milango imefungwa. Lilikuwa wazo la Muigai: kitabu kihesabiwe upande mmoja, nyuzi upande mwingine, halafu vikutane. Musau alisoma, Muigai alihesabu upande wa kushoto, Syokau wa kulia. Walianza saa moja asubuhi. Saa saba walikaa chini wakajumlisha.

Kitabu: elfu moja mia nane sitini na mawili. Nyuzi: elfu moja mia nane sitini na moja.

"Moja tu," Musau alisema, akitabasamu. "Zamani hatukujua hata mia ziko wapi."

"Tuhesabu tena," Syokau alisema.

Walihesabu tena. Sitini na moja. Syokau aliingia kati ya safu peke yake, akapapasa kila kishungi, buluu, nyeupe, njano, midomo ikihesabu. Alitazama nyuma ya mlango. Alitazama chini ya mbao za kupangia. Alimwuliza mlinzi, akamwuliza Nzioka, ambaye aliapa kwa mama yake. Alirudi na utando wa buibui kwenye kitambaa cha kichwa.

Ndipo Muigai alipocheka. Tangu arudi hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka, na kicheko kilitoka vibaya, kwa kukwaruza, kupitia lile pengo la meno. "Mama! Moja! Katika magunia hayo yote, moja!"

"Limeenda wapi?"

"Ngai wangu. Labda limeliwa. Labda halikufika. Enda nyumbani ule."

Syokau alitabasamu kumridhisha, akajifunga leso, akatoka nao. Kesho yake, Jumapili, watu wa kanisa walimwona akiachana nao njiani badala ya kuelekea Majengo. Alikwenda mpaka kwenye ghala lililofungwa, akazunguka upande wa reli, akainama kando ya mataruma akitazama kama kuna punje zilizomwagika. Aliziona chache, za zamani, zilizoota majani mafupi. Akasimama pale, viatu vyake vya kanisani vimejaa vumbi, akianza kuhesabu upya kichwani tangu safu ya kwanza.